Nunua Shingo, Usinunue Rangi
Somo kwa vikundi vya sifa: jinsi ya kupata gitaa la besi zuri kwa fedha kidogo

 

Nimepewa kuzungumza juu ya gitaa la besi, na nimeombwa niseme mambo ambayo mtu anaweza kwenda nayo dukani. Kwa hiyo leo sihubiri. Maneno yangu yote yanakaa katika sentensi moja: ukiwa na fedha kidogo, nunua shingo, usinunue rangi. Nitaeleza maana yake, halafu tutahesabu fedha, halafu tutalikagua gitaa pamoja kuanzia kichwani mpaka kwenye tundu la waya.

Kwanza tukumbuke fedha tunayoizungumzia ni ya nani. Katika makanisa yetu mengi, gitaa halinunuliwi na tajiri mmoja. Linachangwa. Mama wa mboga ametoa, kijana wa bodaboda ametoa, akina mama wamepika chapati wakauza baada ya ibada. Miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, ndipo hela inafika. Kisha watu wawili wanatumwa mjini, wanarudi na gitaa linalong'aa kama gari la harusi. Mwezi wa tatu liko ukutani, limetundikwa. Halishiki tyuni. Kijana aliyetakiwa kulipiga vidole vimemuuma, amerudi kukaa kwenye benchi. Mwaka unaofuata ukisimama kutangaza mchango wa kinanda, watu hawakutazami wewe, wanatazama ule ukuta. Si unaona? Kilichopotea hapo si gitaa tu. Imani ya watu waliochanga nayo imepungua, na yule kijana pengine hatarudi tena kwenye chombo.

KWA NINI GITAA LA BEI NDOGO LINAWEZA KUWA ZURI

Kuna mtu atasema, "Kizuri ni ghali, sisi hatuwezi." Hapana, ndugu yangu. Sikiliza kidogo historia.

Zamani besi lilikuwa lile gitaa kubwa la mbao linalosimamishwa, refu kuliko mtu. Kulibeba ni shida, na ngoma zikianza sauti yake inamezwa. Tena shingoni hakuna alama za vyuma, kwa hiyo kidole kikikosea kidogo tu, noti imetoka nje. Mwaka 1951 Leo Fender, kule California, Marekani, alitoa besi la umeme lenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyopita shingoni. Kidole kinashuka nyuma ya chuma na noti inatoka pale inapotakiwa. Akaliita Precision, maana yake usahihi. Mwaka 1960 likafuata Jazz Bass, lenye shingo nyembamba zaidi. Karibu kila besi la bei nafuu unalokutana nalo, liwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ni mtoto au mjukuu wa moja kati ya hayo mawili.

Sasa tazama lilivyotengenezwa. Ni kipande cha mbao cha mwili, na shingo iliyofungwa kwa skrubu, mara nyingi nne. Hakuna siri kubwa. Viwanda vimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 70, na mashine za kukata mbao leo zinafanana Indonesia, China na kwingine. Kwa hiyo mwili wa gitaa la bei ndogo na wa gitaa la bei kubwa hautofautiani sana kwa kazi yetu ya mapambio. Tofauti inayouma iko shingoni: mbao yake ilikauka vizuri? Freti zimelingana? Chuma kilichomo ndani yake kinafanya kazi?

Kwa nini shingo? Kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 60, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kwenye begi. Ni kama mtu mzima ananing'inia hapo wiki nzima. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kushindana na mvuto huo, na fundi huikaza au kuilegeza kwa alenki. Shingo nzuri inarekebishika. Shingo iliyojipinda kama kamba iliyosokotwa hairekebishiki, hata uipake rangi ya dhahabu.

NYUZI NNE ZINATOSHA

Vijana wetu wameona kwenye video besi la nyuzi tano au sita, na sasa la nyuzi nne wanaliona kama la mtoto. Hebu tuongee ukweli.

Besi la nyuzi nne linatyuniwa E, A, D, G. Uzi mnene wa E unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. La nyuzi tano linaongeza uzi wa B, unaotikisika mara 31 hivi. Ni sauti ya chini sana. Sasa jiulize: spika za kanisa lako zinaweza kuitoa? Spika nyingi ndogo haziwezi. Umelipia uzi ambao waumini hawausikii. Tena kwenye magitaa ya bei ya chini kabisa, uzi huo wa B ndio wa kwanza kulegalega na kutoa sauti ya matope. Wimbo wenu ukitaka kushuka, legeza uzi wa E mpaka D. Haigharimu hata senti.

Kulikuwa na mpiga besi wa Motown kule Detroit, James Jamerson. Miaka ya 1960 alipiga nyimbo nyingi ambazo dunia nzima ilizicheza. Alitumia Precision la mwaka 1962: nyuzi nne, vidude viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike. Simwambii mtu aache kubadilisha nyuzi! Nasema hivi: kama nyuzi nne zilimtosha Jamerson, zitatutosha sisi kwa kipindi cha sifa, na sebene pia.

Jambo la pili, betri. Kuna besi linaloitwa aktivu, lina betri ya volti 9 ndani ya kusukuma sauti. Ni zuri, lakini waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa. Kijana anasahau Jumapili jioni, Jumapili inayofuata katikati ya kuabudu sauti inakwaruza, halafu kimya. Besi pasivu halina betri, halina cha kuzimika. Kwa kanisa lenye gitaa moja na wapigaji watatu wanaopokezana, mimi ningechukua pasivu. Mkichukua aktivu, wekeni sheria: ibada ikiisha, chomoa waya.

HESABU YA MIA

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga gharama. Tuketi basi. Kwa kuwa hapa wengine tunahesabu kwa shilingi ya Kenya, wengine ya Tanzania, wengine ya Uganda, na wengine kwa faranga, nitahesabu kwa mia. Fedha yote mliyochanga iite mia. Igawe hivi:

Sitini ni ya gitaa lenyewe.
Kumi na tano ni ya fundi pamoja na nyuzi mpya.
Tano ni ya waya mzuri.
Tano ni ya begi na mkanda.
Kumi na tano ni ya kisanduku cha DI, nitakieleza hivi karibuni.

Wengi hutumia mia yote kwenye gitaa. Halafu waya ni ule wa kuazima unaokoroma, nyuzi ni za kiwandani zilizokwisha kupata kutu, begi hakuna, gitaa linabebwa kwenye boda likiwa uchi. Gitaa la sitini lililopita kwa fundi litalishinda gitaa la mia ambalo halijaguswa. Fundi atanyoosha shingo, atashusha nyuzi karibu na freti ili zisiumize vidole, na atapanga noti zilingane. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama kijana wako atafanya mazoezi saa moja au dakika tano.

Kama sitini haifiki gitaa jipya la maana, tafuta la mtumba. Gitaa la mtumba lililopigwa miaka kumi na shingo bado imenyooka, limeshakuonyesha tabia yake. Jipya bado hujui litakavyokuwa mvua ikianza.

Na kama hata la mtumba halifiki? Subiri. Usinunue bovu kwa sababu ya haraka. Mpiga kinanda ana mkono wa kushoto, huo unaweza kubeba besi kwa miezi kadhaa huku mkiendelea kuweka akiba. Ila siku gitaa likija, mwambie mkono wa kushoto upumzike, maana besi mbili kwa pamoja zinafanya matope.

MAJINA YA KUULIZIA

Mtu ataniuliza, "Niulizie gitaa gani?" Haya ni majina ya bei ya chini na ya kati yanayoaminika kwa kuanzia. Squier ni jina la kampuni ya Fender yenyewe kwa magitaa yake ya bei nafuu, na mfululizo wa Affinity una mabesi ya nyuzi nne yanayofaa. Yamaha wana TRBX174, besi pasivu lenye pikapu mbili. (Pikapu hapa si gari, jamani. Ni kile kisanduku chenye sumaku chini ya nyuzi kinachokamata mtikisiko.) Ibanez wana GSR200, jepesi na lenye shingo nyembamba, linafaa wenye mikono midogo, ila hilo lina betri. Cort nao wana mabesi ya Action.

Kwa watoto na wenye mikono mifupi kuna besi fupi. La kawaida, urefu wa uzi unaotikisika ni inchi 34. Fupi ni inchi 30. Squier Bronco ni mojawapo ya hayo mafupi. Usione haya kununua fupi kama wanaojifunza ni wa Sunday school.

Lakini jina lisikufumbe macho. Ukiona kichwani pameandikwa Fender, na bei ni ya sufuria, hapo ujue unauziwa stika. Muulize muuzaji namba ya gitaa, tazama kama maandishi yamenyooka, kama skrubu zinafanana. Na hata likiwa la kuiga, si lazima liwe bovu. Unaweza kulichukua likipita vipimo, ila lipe bei ya gitaa lisilo na jina.

VIPIMO SABA KABLA YA KULIPA

Hapa chukua kalamu. Mpeleke dukani mtu atakayelipiga. Mweka hazina aende pia, lakini asiende peke yake na bahasha. Bebeni simu yenye programu ya kutyuni. Mwombe muuzaji nafasi ya nusu saa. Muuzaji anayekataa gitaa lisipimwe amekwisha kukujibu.

Cha kwanza, jicho. Shika gitaa kama seremala anavyoshika mbao, tazama kutoka mwilini kuelekea kichwani, kando ya freti. Unataka mstari ulionyooka, au uliobonyea kidogo sana. Ukiona upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, kama propela, rudisha. Hilo halina dawa ya bei nafuu.

Cha pili, kadi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Sasa tazama katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na nafasi ndogo kati ya uzi na freti, unene wa kadi ya biashara hivi. Nafasi kubwa ya kupitisha funguo, shingo imevutwa mbele. Hakuna nafasi kabisa, imerudi nyuma. Yote mawili mara nyingi yanarekebishwa kwa alenki, lakini uliza: ile fimbo ya ndani bado inazunguka? Kama kichwa chake kimekwisha kulika, acha gitaa hapo.

Cha tatu, noti zote. Besi la kawaida lina freti 20. Nyuzi nne mara freti 20 ni noti 80, ongeza nne za wazi, ni 84. Zipige zote, moja moja, polepole. Ni dakika tano tu. Sikiliza noti inayokufa mara moja au inayolia kama nyuki. Noti moja yenye kunguruma fundi ataitengeneza. Noti kumi zilizokufa, au freti zilizochimbika mashimo chini ya nyuzi, hiyo ni kazi ya kubadilisha freti, na gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gitaa.

Cha nne, freti ya kumi na mbili. Tyuni uzi wazi kwa simu. Bonyeza freti ya 12, lazima itoe noti ileile, oktavi moja juu. Ikipanda au kushuka, kule chini nyuzi zinakokalia kuna vipande vinavyosogezwa kwa bisibisi. Tazama kama skrubu bado ina nafasi ya kusogea. Kikiwa kimefika mwisho na noti bado ni mbaya, hilo gitaa halitapatana na kinanda chenu kamwe.

Cha tano, funguo za kichwani. Tyuni vizuri, halafu upige kwa nguvu dakika kumi, kama mko kwenye sebene. Angalia simu tena. Nyuzi zikiwa zimeteremka sana, zungusha kila funguo uone kama inacheza kama jino bovu. Funguo zinabadilishwa, lakini gharama hiyo iondoe kwenye bei.

Cha sita, umeme. Chomeka, zungusha vidude taratibu. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, dawa ya kupuliza inaondoa. Tikisa waya kwenye tundu: sauti ikikatika, fundi redio yeyote ataliunga tena. Lakini hapa nataka unisikilize kwa makini. Ukishika nyuzi na ukahisi umeme unachoma vidole, au midomo ikiguswa na maikrofoni ukapata mshtuko, zima kila kitu. Kasoro hiyo mara nyingi haiko kwenye gitaa, iko kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi au kwenye amplifaya. Mwite fundi umeme kabla mtu yeyote hajashika tena chombo. Watu hufa kwa jambo hili. Usilifunike kwa mkeka wa mpira ukasema tumemaliza.

Cha saba, nyufa. Tazama nyuma ya kichwa kinapoungana na shingo, na pale shingo inapoingia mwilini. Mkwaruzo wa rangi si kitu, hata uwe mkubwa kama kiganja. Ufa kwenye mbao, au gundi iliyokauka ikaachia, ni sababu ya kuaga kwa adabu.

Umeona sasa? Rangi iliyochubuka, nyuzi zenye kutu, tundu lililolegea, mkwaruzo wa vidude, nyuzi zilizo juu: yote hayo yanatengenezeka, na yanashusha bei. Yapende hayo! Mnunuzi wa rangi atalipita gitaa hilo, wewe utalichukua. Shingo iliyosokotwa, fimbo iliyokufa, freti zilizokwisha, mbao iliyopasuka: hayo yaache hata ukipewa nusu bei.

Na wale wa kununua kwa picha za simu: usitume hela ya M-Pesa kwa sababu ya picha. Omba video. Kwanza shingo ikitazamwa kwa urefu, pili noti zote za uzi wa E na wa G zikipigwa, tatu namba ya gitaa. Halafu mtume mtu aliye karibu akalishike.

SAUTI ITATOKEA WAPI

Besi bila spika ni ubao. Usilichomeke kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo ukaifungua mpaka mwisho. Spika yake haikutengenezwa kwa mitikisiko ya chini, itapasuka. Kwa mazoezi ya sauti ndogo, sawa.

Kama kanisa lina mixer na spika kubwa, njia ya bei nafuu ni kile kisanduku cha DI. Waya mfupi unatoka kwenye gitaa kwenda kwenye kisanduku kilicho karibu na mpigaji, halafu waya wa maikrofoni unaenda mpaka kwenye mixer, hata kama iko mwisho wa kanisa. Ukivuta waya wa kawaida wa gitaa mita 15, utakaribisha ngurumo na sauti itafifia. Mpigaji naye apewe spika ya kujisikia. Asiyejisikia hupiga kwa nguvu, na nyuzi hukatika.

MPAKA NA HALI YA HEWA

Sisi tunaovuka Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, tuna mambo yetu. Wengine wanadhani ule utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, unafunika kila kitu. Umewekwa kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama. Gitaa lililotengenezwa Indonesia halihesabiwi kuwa letu kwa sababu tu limenunuliwa Nairobi. Kwa hiyo, kabla ya kununua ng'ambo kwa sababu bei ni ndogo, uliza forodhani mtalipa kiasi gani, na ukiweke kwenye ile mia. Mara nyingi tofauti ya bei inaishia hapo mpakani. Chukua risiti. Usilifunge kwenye blanketi kulificha, maana chombo cha sifa hakiingii kwa mlango wa nyuma. Na mnaosafiri na magitaa yenu kuja mikutanoni, bebeni risiti na muyaonyeshe mnapotoka, ili mnaporudi msihesabiwe kwamba mmenunua.

Halafu kuna hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu. Gitaa lililozoea ukavu wa bara likishuka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, shingo inaweza kusogea. Usikimbilie alenki siku ileile. Lipe siku chache lizoee, halafu lipimwe. Pwani nyuzi hushika kutu haraka kwa jasho na chumvi, kwa hiyo kila mpigaji afute nyuzi kwa kitambaa kikavu akimaliza. Nyuzi zilizofifia zikivuliwa na kuchemshwa kwenye maji dakika chache, kisha zikakaushwa vizuri, hurudisha uhai kwa muda. Seti ya kawaida ya kuulizia ni 45 hadi 105. Na kwenye basi, gitaa lisilazwe chini ya magunia, wala lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

LISIFUNGIWE KABATINI

Mwisho, tuseme mmelipata. Liandikeni kwenye daftari la mali ya kanisa: aina, namba, bei, tarehe. Someni hesabu hiyo mbele ya waliochanga, pamoja na ile kumi na tano ya fundi, ili waelewe kwa nini hamkununua lile linalong'aa. Ukifanya hivyo, mchango unaofuata hautakuwa mgumu.

Halafu mpeni kijana alibebe nyumbani. Najua wazee wataogopa. Lakini gitaa linalofunguliwa Jumapili hadi Jumapili halimfundishi mtu. Wekeni karatasi ya kusaini, mtu achukue Jumatatu arudishe Ijumaa, aliyelichukua awajibike. Besi linajifunzwa kwa kurudia noti ya kwanza, ya nne na ya tano mpaka vidole vijue njia gizani. Halihitaji hata amplifaya kwa mazoezi hayo. Ukiegemeza ncha ya gitaa kwenye meza ya mbao, utasikia vya kutosha.

Basi wiki hii fanya jambo moja tu. Kama kanisani kwenu kuna gitaa ukutani, lishushe, ulipime kwa vile vipimo saba. Pengine shingo ni nzima na kilichokosekana ni nyuzi na nusu siku ya fundi. Inawezekana gitaa mnalolitafuta mnalo tayari. Kama shingo imekufa, angalau sasa mnajua, na mia yenu itaanza mahali pazuri.